Mlango Umevunjwa kwa Makosa: Nani Atalipa?



Swali tunaloulizwa mara kwa mara na wenzetu wa Gahanga ni hili: ikiwa watekelezaji wa hukumu wamefika nyumbani kwako kwa deni lisilo lako, wakavunja mlango, wakachukua vyombo vyako vya kazi, halafu ikadhihirika kwamba walikosea, ni nani atakayelipa hasara hiyo? Wengi wamekwisha kujijibu wenyewe kwamba hakuna atakayelipa. Wanasema, "Hao ni watu wa mahakama, utawafanya nini?" Basi wanamwita fundi, wanatengeneza mlango kwa fedha zao, wanakopa ili wanunue vyombo vingine, na mambo yanaishia hapo.

Sisi tunasema hasara ya namna hiyo hudaiwa, na mahakama ina uwezo wa kuamuru ilipwe. Lakini haidaiwi kwa malalamiko. Hudaiwa kwa ushahidi, na sehemu kubwa ya ushahidi huo hupatikana siku ile ile mlango ulipovunjwa. Baada ya mwezi mmoja jirani aliyeona amekwisha kuhama, na vipande vya kitasa vimetupwa jalalani.

Kwa wasomaji wetu walio mbali, Gahanga ni sekta ya wilaya ya Kicukiro, upande wa kusini wa Jiji la Kigali, kandokando ya barabara iteremkayo hadi mto Nyabarongo na kuingia Bugesera. Ina seli 6: Gahanga, Kagasa, Karembure, Murinja, Nunga na Rwabutenge. Watu wa nje wameijua zaidi tangu uwanja wa kriketi ulipofunguliwa mwaka 2017. Wenyeji wanaikumbuka ilipokuwa mashamba ya mihogo na maharagwe. Siku hizi mashamba yamegawanywa kuwa viwanja, na viwanjani zimejengwa nyumba za kupangisha, chumba kwa chumba, ua mmoja ukiwa na wapangaji wanne, watano au zaidi. Waashi, maseremala, mafundi cherehani, madereva wa pikipiki, walinzi na wafanyakazi wa nyumbani wanaokwenda mjini kila alfajiri hulala katika nyua hizo.

Mpango huo wa makazi ndio mama wa makosa mengi. Barabara za Kicukiro zimepewa namba zinazoanza na herufi KK, lakini namba ya langoni ni moja na ndani ya ua kuna milango mingi. Mdaiwa alipanga chumba cha tatu, akahama zamani, na chumba cha tatu sasa ni chako. Majina nayo yana taabu yake. Akina Uwimana, Habimana na Niyonzima ni wengi mno katika nchi hii, na jina la ubatizo halisaidii sana kuwatenganisha. Kinachomtenganisha mtu na mwenzake ni kitambulisho chenye tarakimu 16, na kinachotenganisha kiwanja na kiwanja ni namba yake katika daftari la ardhi. Tarakimu moja ikiandikwa vibaya, hukumu ya haki kabisa yaweza kutekelezwa juu ya mtu asiyehusika.

Kuna makosa ya namna nyingine yasiyohusu nyumba wala jina. Deni limekwisha kulipwa, lakini aliyelipwa hakutoa taarifa. Mali iliyokamatwa ni ya mke, au ya mdogo wa mdaiwa, au ya mwajiri aliyemwachia mfanyakazi mashine aende nayo nyumbani. Jambo hili si geni kwa Wanyarwanda. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwezi Juni 2012, zilishughulikia kesi zaidi ya milioni 1.9 za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na zaidi ya milioni 1.3 kati ya hizo zilihusu mali iliyoporwa au kuharibiwa. Walionyang'anywa walistahili kulipwa, na wengine walingoja malipo hayo miaka mingi. Lakini katika kazi kubwa kama hiyo ya kutekeleza hukumu, swali la nani hasa mwenye ng'ombe huyu au shamba hili liliulizwa kila mahali, na waliolijibu kwa pupa waliacha ugomvi mwingine nyuma yao.

Yafaa sasa kueleza watekelezaji hawa ni akina nani, maana hapo ndipo ilipo njia ya kudai. Kwa Kinyarwanda mtekelezaji wa hukumu huitwa umuhesha w'inkiko. Wenzetu wa Tanzania wanamfahamu kwa jina la dalali wa mahakama. Nchini Rwanda kazi hii ilipewa sheria yake mwaka 2001, na sheria hiyo ikafuatiwa na Sheria Na. 12/2013 ya tarehe 22/03/2013. Wako wa aina mbili. Aina ya kwanza ni wa taaluma: amesomea, ameapishwa, ana ofisi yake na anajitegemea kwa malipo ya kazi anayofanya. Wizara ya Sheria inamsimamia, lakini yeye hapokei mshahara wa serikali. Aina ya pili si wa taaluma. Hao ni viongozi ambao sheria imewapa kazi hii pamoja na kazi zao nyingine, na wanaofahamika zaidi kwetu ni makatibu watendaji wa seli na sekta. Ukiona maamuzi ya abunzi yanatekelezwa kijijini, mara nyingi mtekelezaji ni katibu wa seli.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Aliyekuvunjia mlango akiwa ni wa taaluma, unamdai yeye mwenyewe kwa jina lake. Akiwa ni katibu wa seli aliyekuwa katika kazi ya serikali, shauri huelekea kwa chombo cha serikali kilichomtuma, na utaratibu wake una hatua za kutanguliza kabla ya kufika mahakamani. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza mlangoni, kwa adabu, ni hili: "Bwana, wewe ni nani, na una karatasi gani?"

Karatasi hiyo ni nakala ya hukumu yenye muhuri wa kutekelezwa, ule unaoitwa kashe mpuruza. Pasipo muhuri huo hapana utekelezaji. Soma jina la mdaiwa, soma namba ya kitambulisho kama imeandikwa, soma mahali. Kama huwezi kusoma, mwite mtoto wa shule, au jirani. Ikiwa si wewe, sema si wewe, onyesha kitambulisho chako mbele ya watu, na uombe maneno yako yaandikwe katika hati ya ukamataji, ile inyandikomvugo. Usishikane naye wala usimfungie njia kwa nguvu. Kumzuia mtekelezaji kwa mabavu ni kosa la jinai, na tunajua jinsi mtu mwenye haki anavyoweza kujikuta rumande kwa sababu ya hasira ya dakika mbili.

Je, haki ya kulipwa inatoka wapi? Katiba ya Rwanda, katika kifungu cha 23, inasema makazi ya mtu hayaingiliwi pasipo ridhaa yake, isipokuwa kwa namna iliyowekwa na sheria. Kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu binafsi. Amri ya mahakama ni mojawapo ya namna hizo zilizowekwa na sheria, lakini amri iliyotolewa juu ya mtu mwingine haifungui mlango wako.

Kwa miaka mingi msingi wa madai yenyewe ulikuwa amri ya kikoloni ya tarehe 30/07/1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo na baadaye ikaletwa Rwanda na Wabelgiji. Kifungu chake cha 258 kilisema kwa ufupi kwamba mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, sharti aifidie. Kilichofuata kiliongeza uzembe na kutojali. Mwaka 2019 Rwanda ilifuta kwa mkupuo sheria zote zilizowekwa kabla ya uhuru, na hiyo ya 1888 ikaenda pamoja nazo. Wako waliodhani fidia nayo imefutwa. La hasha. Sheria Na. 22/2018 ya tarehe 29/04/2018, inayohusu mwenendo wa mashauri, haimruhusu jaji kukataa kuamua kwa kisingizio kwamba hakuna kifungu. Inamwelekeza kwenye hukumu zilizotangulia, mila na kanuni kuu za sheria, na kanuni ya kwamba mwenye kosa hulipa ni kongwe kuliko amri yoyote ya Mbelgiji.

Hapa tunaomba msomaji aangalie neno uzembe. Mtekelezaji atasema, "Sikukusudia, nilionyeshwa nyumba hii." Huenda anasema kweli. Lakini kutokusudia si kinga. Mtu aliyepewa uwezo wa kuvunja mlango anatakiwa ahakikishe ni mlango gani. Ikiwa mdai aliyeshinda kesi ndiye aliyeongoza msafara na kunyoosha kidole akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba mali si ya mdaiwa, yeye pia ana sehemu yake ya kosa. Ndiyo maana wanasheria hushauri wote wawili waitwe katika shauri moja, badala ya kumwacha kila mmoja amsukumie mwenzake lawama.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa wanachama wengi hujipunja wenyewe. Tuchukue mfano. Seremala anapanga chumba Karembure. Mlango umevunjwa, na msumeno wa umeme, randa na patasi vimechukuliwa kwa deni la mpangaji aliyetangulia. Kosa linagunduliwa, na vyombo vinarudishwa baada ya siku 18 za kazi. Tarakimu tutakazotumia ni za mfano tu. Mlango mpya ni faranga 60,000 na kitasa ni 12,000. Seremala wetu atakwenda kudai 72,000, na akipewa atashukuru. Lakini kwa siku hizo 18 hakufanya kazi. Kama kwa kawaida alipata faranga 6,000 kwa siku, amepoteza 108,000. Hasara ya kazi imepita hasara ya mlango, na hiyo ndiyo hakuidai! Hapo hatujahesabu msumeno kama umerudishwa na waya uliokatika, wala mteja aliyekwenda kwa fundi mwingine, wala aibu ya kuonekana na mtaa mzima kuwa ni mtu asiyelipa madeni. Mahakama za Rwanda huifahamu aibu hiyo. Huiita fidia ya maumivu ya moyo, na pamoja nayo huweza kumrudishia mshindi gharama za kufuatilia kesi na za wakili.

Tena kuna jambo dogo ambalo limewaangusha wengine: mlango si wa mpangaji, ni wa mwenye nyumba. Ukitaka kuudai, ama mwenye nyumba adai mwenyewe, ama wewe uonyeshe kwamba uliutengeneza kwa fedha zako. Kwa hiyo chukua karatasi kwa fundi aliyeutengeneza, yenye jina lake, kiasi, tarehe na sahihi.

Yeye anayedai ndiye anayethibitisha. Kanuni hii humwelemea maskini kuliko tajiri, na hatuoni haya kulisema. Kampuni ikivunjiwa ghala ina vitabu vya hesabu, ina risiti, ina mlinzi aliyeandika saa. Fundi wetu alinunua randa kwa mtu sokoni, kwa mkono, bila karatasi. Mahakama inaweza kukubali kwamba hasara ipo, kisha ikakosa kipimo chake, na hapo jaji hukadiria kwa busara yake. Makadirio ya busara ya jaji mara chache huifikia bei ya kweli ya vyombo.

Basi siku hiyo hiyo fanya haya. Usifagie. Piga picha mlango, kitasa, chumba kilivyoachwa, na kama simu yako haina kamera azima ya jirani. Mwite mkuu wa umudugudu aone kwa macho, umwombe aandike alichokiona na saa aliyokiona. Andika orodha ya kila kitu kilichochukuliwa, pamoja na aina, rangi, alama ya ubao uliochubuka, hata jina ulilochonga kwenye mpini. Majirani wawili watie sahihi. Dai nakala ya hati ya ukamataji. Kama umenyimwa, andika kwamba umenyimwa na nani. Tafuta ushahidi wa kununua: risiti za mashine za mamlaka ya kodi, au ujumbe wa simu wa malipo ikiwa ulimlipa muuzaji kwa njia hiyo. Ujumbe huo watu huufuta ili kupata nafasi ya nyimbo!

Kama vitu havijauzwa, kesho yake uende mahakamani, usingoje wiki. Kuna maombi ya haraka ya kusimamisha utekelezaji, na kuna njia ya mtu asiyekuwa mhusika wa kesi kuipinga hukumu inayomgusa, yaani gutambamira urubanza. Haraka ina sababu. Tangu mwaka 2020 minada ya mahakama nchini Rwanda hufanywa kwa intaneti, na mnunuzi aweza kuwa mtu asiyeijua Gahanga wala shida yako. Mali ikiisha kununuliwa, utabaki unafukuza thamani yake tu.

Wa kukusaidia bila malipo wapo. Kila wilaya ina ofisi ya msaada wa sheria ijulikanayo kama MAJ, na Kicukiro inayo. Abunzi wanafaa kwa mambo ya watu na watu yasiyozidi faranga milioni 3, kwa mfano ugomvi wako na jirani mdai aliyeonyesha nyumba kwa makusudi. Hawana mamlaka ikiwa upande mmoja ni serikali au kampuni. Malalamiko ya nidhamu dhidi ya mtekelezaji wa taaluma hupelekwa kwa wanaomsimamia, na anaweza kuonywa, kusimamishwa, hata kuondolewa kazini. Yapeleke, lakini usichanganye mambo: adhabu ya nidhamu haikuletei hata faranga moja. Tumeona watu wakingoja majibu ya barua zao huku wakidhani kesi yao ya fidia inaendelea, kumbe haijafunguliwa.

Wanachama walio nchi jirani wasidhani habari hii ni ya Rwanda pekee. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi kwa Waingereza kanuni za Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya mwaka 1908. Huko Tanzania mtekelezaji haruhusiwi kuingia nyumba ya kuishi baada ya jua kuchwa wala kabla ya kuchomoza, na mlango wa nje hauvunjwi isipokuwa nyumba inakaliwa na mdaiwa mwenyewe na amekataa kufungua. Kumvunjia asiyedaiwa ni kosa tangu nyundo ya kwanza. Mwenye mali hupeleka pingamizi mahakamani, na mahakama huchunguza mali ni ya nani. Kwa kanuni za mwaka 2017, dalali wa mahakama wa Tanzania anatakiwa pia awe na cheti cha mafunzo kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Kenya ina Sheria ya Madalali ya mwaka 1996, ambayo kifungu chake cha 26 kinasema waziwazi kwamba aliyepata hasara kwa dalali kutumia uwezo wake isivyo halali anaweza kumdai dalali huyo moja kwa moja. Huko vitu vya nyumbani huandikwa kwanza, kisha hupita siku 7 kabla ya kuchukuliwa. Siku hizo 7 zimewaokoa wengi waliokuwa wamekosewa, na tungependa kuona kila nchi ya Jumuiya ikiwa nazo.

Liko jambo moja ambalo nchi zote hizi zinafanana, nalo linatuhusu sisi wafanyakazi kuliko mengine yote. Vyombo ambavyo mtu hawezi kufanya kazi yake pasipo navyo havikamatwi, hata kama deni ni lako kweli. Pamoja navyo ni nguo na matandiko ya familia. Cherehani ya fundi cherehani, mwiko na timazi ya mwashi, si mali ya kupeleka mnadani. Atakayevichukua amekosea hata kama ameingia mlango sahihi, kwa mtu sahihi, akiwa na karatasi sahihi. Mwambie hivyo, na umwombe aandike kwamba umemwambia.

Kwa sababu hiyo tawi limeona ni heri kutongoja hasara itokee. Limefunguliwa daftari la vyombo vya kazi. Kila mwanachama anaweza kuandikisha vyombo vyake: jina la chombo, alama yake, mwaka alioununua, bei aliyolipa, na aliyemuuzia ikiwa anajulikana. Mwandishi wa tawi na shahidi mmoja wanatia sahihi, mwanachama anabaki na nakala. Wapangaji wanaombwa waandike pia tarehe walipoingia chumbani, maana tarehe hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba deni la aliyetangulia si lao. Lete vyombo vyenyewe ikiwa vinabebeka. Kwa mashine nzito mwandishi atakuja nyumbani, na atapenda kuikuta imefutwa vumbi ili alama zake zisomeke.